Picha ya Kumi na Mbili

Jirani yangu alinyimwa kazi kwa sababu aliitambua kona ya mtaa ambako alisimama kila siku kwa miaka mitatu. Aliulizwa picha ile ilipigwa mji gani, akaandika Johannesburg. Jibu lililotakiwa lilikuwa Manchester.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana kila nikisimulia jambo hili kwa hasira watu hudhani naongeza chumvi.

Tunapanga vyumba katika ua mmoja hapa La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Mimi ni mtu wa Tanga, yeye ametoka Bukavu, ambako alikuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Hapa amekuwa msusi. Miaka mitatu ya mwanzo alisuka kandokando ya barabara katikati ya mji, kibao cha kadibodi chenye picha za mitindo kifuani, akiwaita wapita njia. Baadaye akapata kiti katika saluni ya Rosettenville. Mwaka jana vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kuvimba kwenye viungo. Asubuhi ni mimi ninayemfungulia kifuniko cha chupa ya mafuta. Nesi wa kliniki alimwambia aache kusuka, la sivyo mkono utakakamaa kabisa.

Ndiyo maana alipoambiwa kuna kituo kinachotafuta watu wa kupokea simu za wateja wa Uingereza, wale wanaolalamika kwamba mizigo yao haijafika, aliomba siku hiyohiyo. Kazi ya kukaa, na chombo cha kusikilizia masikioni. Mtihani wa Kiingereza alifaulu, wa kompyuta akafaulu. Ukabaki mmoja: picha ishirini za majengo na mahali maarufu pa Uingereza, uandike kila moja ni ya mji gani. Alama ya kupita, kumi na nane.

Mwalimu wa mafunzo pale kituoni aliwaeleza waombaji sababu siku ya kwanza. Mteja akitaja mahali, ajisikie anaongea na mtu wa karibu naye, asijisikie anaongea na Johannesburg. Jirani aliponisimulia nililiandika hilo katika daftari langu, kama ninavyoandika mambo mengi. Wakati huo niliona ni kichekesho tu.

Nafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, Fordsburg. Nilitafuta picha mtandaoni, nikazichapa, nikazitia plastiki, na nyuma ya kila moja nikaandika jina la mji. Kila Jumapili, akitoka kanisani, tulikaa kwenye ngazi za sehemu ya kufulia nguo nikawa namwonyesha. Tulijitungia kanuni. Jiwe la rangi ya asali, Bath. Jiwe la kijivu kila upande, Aberdeen. Ngome juu ya mwamba, Edinburgh. Mnara wa chuma karibu na bahari, Blackpool. Daraja la London linalofunguka katikati halikutaka kanuni.

Picha ya mawe makubwa yaliyosimama uwanjani ilimkera.

“Haya nani aliyaacha hapa?”

“Hawajui kwa hakika. Andika Salisbury, ndio mji wa karibu.”

“Na watu wanalipa kuyaona?”

“Wanalipa.”

“Bon. Kwetu mawe iko mengi, dada, na hakuna mzungu alikuja kulipa.”

Alicheka mpaka akashika ubavu. Baada ya wiki tano alikuwa hakosei zaidi ya picha mbili.

Alirudi kutoka mtihanini na kumi na saba. Makosa mawili aliyakubali: aliichanganya York na Lincoln, na Cardiff aliiandika Liverpool. La tatu alikataa. “Ile picha ya kumi na mbili ni ya hapa,” alisema. “Mimi nilisimama pale miaka tatu.”

Nakiri sikumwamini. Nilidhani ni uchungu wa kukosa. Hata hivyo kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye kituoni.

Mwalimu wa mafunzo ni kijana mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Hakutufukuza. Aliifungua picha kwenye kompyuta. Jengo la matofali mekundu, mnara wa saa, wingu zito, lami imelowa mvua. Kwa haraka hata mimi ningeandika Manchester. Kisha nikaanza kutazama pembeni, kwa sababu anayepiga picha huangalia katikati. Kushoto kulikuwa na nguzo ya roboti, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, ya njano, kama nguzo za roboti zetu zote. Nyuma yake pua ya teksi nyeupe, basi dogo la abiria la hapa. Na karibu na ukuta, mwanamke amekumbatia kibao cha kadibodi chenye picha za misuko.

Nilimwonyesha kijana moja baada ya nyingine.

“Hata Manchester kuna Waafrika,” alisema.

“Wanaosimama na kibao kwenye mvua?”

Jirani yangu hakubishana. Aliweka kidole chake kilichovimba kwenye skrini. “Kuza hapa, mwanangu. Huo ukuta uko na ufa. Unashuka kutoka dirishani, unapinda, unaishia kwenye bomba. Nilikuwa naegemea hapo mgongo ukiniuma.”

Aliikuza picha. Ufa ulikuwepo. Ulishuka kutoka dirishani, ukapinda, ukaishia kwenye bomba.

Kijana aliirudisha picha ilivyokuwa. “Mama, mimi nakuamini,” alisema. “Lakini mtihani umetoka kwa mteja wetu, kampuni ya Uingereza, na jibu lake ni Manchester. Nikikupa wewe alama hiyo, itabidi niwanyang’anye wote walioandika Manchester. Wengine tayari wako kazini.”

Nimefikiria maneno hayo mara nyingi. Hakusema jirani yangu amekosea. Alisema amepata, na ndiyo maana haiwezekani. Watu waliokaa darasa moja naye, wanaopita mtaa ule wakienda kupanda teksi, waliutazama mji wao wenyewe wakauita Manchester, na hao ndio waliofaa. Aliyeujua aliambiwa hajui.

Jumamosi nilikwenda pale na simu yangu. Niliupiga picha ukuta, ufa, bomba, na saa juu. Msusi mmoja aliyekuwa amesimama na kibao aliniuliza kama nataka rasta au nataka ukuta. Nikampiga picha na yeye, kwa idhini yake. Niliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, yao na yangu, nikakiandikia kituo barua pepe ya aya tatu bila tusi hata moja, ingawa nilikuwa nayo ya kutosha.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Walinishukuru kwa maoni yangu, wakasema yatazingatiwa mtihani utakapopitiwa upya. Mwombaji anaweza kurudia siku ya Alhamisi.

Maoni. Ufa ulio ukutani ni maoni yangu. Nikawaandikia barua ya pili.

Jumatano jioni nilimkuta bombani anafua blanketi.

“Ikija tena utaandika nini?” nilimuuliza.

“Dada, niache nifue.”

“Ukiandika Manchester utakuwa umewapa haki.”

Aliinua mkono wa kulia, maji yanachuruzika, akajaribu kuukunja ngumi. Vidole viliishia njiani. “Wewe mikono yako iko mizima,” alisema.

Nilichukua blanketi, nikalikamua mwenyewe, nikalianika. Hasira yangu haikupungua, ila kwa mara ya kwanza niliona kwamba mimi hainigharimu chochote, na yeye anaweza kuilipia kwa mkono wake.

Alhamisi alikwenda na kitenge chake cha kanisani. Alirudi saa tisa. Amepita. Anaanza Jumatatu. Picha ilikuwepo, alisema, safari hii ikiwa ya saba.

“Umepata ngapi?”

“Kumi na tisa.”

“Ipi imekushinda?”

Alinipa chupa ya mafuta nimfungulie. “Moja,” alisema.

Barua yangu ya pili bado haijajibiwa. Na kama ile moja ndiyo ile ya ukuta, mpaka leo hajaniambia.