Wimbo Uliotosha Korido Yetu

Juzi, dukani, nilifungua kitabu nikakuta shairi la kale la Kiingereza la kubembelezea watoto, na ghafla nikasikia harufu ya maziwa ya moto. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu mtaani Saint-Gilles: mdogo wangu alikuwa amegoma kulala. Maman, mama yetu, alimbeba mgongoni, akatembea koridoni akiimba wimbo huohuo, aliojifunza kwa bibi Mwingereza aliyekuwa mwajiri wake. Kila mstari ulipotua kwenye kina chake, alifika ukutani, akageuka.

“Maman, wimbo huu waliupimia hapa koridoni kwetu?” nilimuuliza.

“Eh, bien sûr, ndiyo kabisa! Nyamaza, mutoto analala.”

Niliamini kabisa. Sasa najua mizani ilikuwa ya shairi. Hatua alizipima maman. Sebule yangu ni pana, lakini nikimbembeleza binti yangu, kina kikitua nageuka, pasipo ukuta wowote.