Uso Hauna Wasifu

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala katika kliniki ya meno, na kwa kuwa hakuna faili lililowahi kumpotea, wakamwita Mama Faili. Madaktari aliwaona wakija na kuondoka, na wengi wao hakuwapa hata nusu ya heshima waliyojipa wenyewe. Ila mtafiti kijana kutoka chuo kikuu, huyo Mama Faili alimdharau tangu siku ya kwanza, pale alipobwaga rundo la karatasi dirishani bila salamu.

"Wape wagonjwa wajaze. Ni dodoso la jinsi mtu anavyouona uso na meno yake. Limetafsiriwa, sasa tunahakiki kama linafaa."

Mama Faili akapitisha macho. Swali la tatu liliuliza: "Je, unaridhika na wasifu wa uso wako?" Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Daktari, wasifu ni habari za maisha ya mtu. Hapa mlitaka kusema nini?"

"Uso ukitazamwa kwa upande, 'profile' ya Kiingereza. Jopo la wataalamu saba limelipitisha neno hilo, mama. Wewe gawa tu."

Saba! Watu wazima saba, shahada zimejaa ukutani, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza hata mgonjwa mmoja. Mama Faili akasonya kimoyomoyo, akagawa.

Ikawa vituko. Dereva mmoja wa lori aliuliza kwani uso wake unaombewa kazi gani. Wengi, katika namba moja hadi tano, walizungushia tatu kila swali, mradi wamalize waende zao. Baada ya wiki mbili wakaitwa wajaze tena, ionekane kama majibu yanalingana. Yalilingana ya hao waliozungushia tatu tu. Mengine yalikwenda upogo. Mtafiti akaja dirishani amevimba.

"Wagonjwa wenu hawajui Kiswahili."

"Wanakijua sana. Ndiyo maana wamekwama."

Kati ya waliojaza tatu tupu alikuwamo fundi cherehani mmoja, mwanamke ambaye taya lake la chini limetangulia mbele, mwenye mazoea ya kuongea kiganja kikiwa mdomoni. Mama Faili akamketisha kwenye benchi, akamuuliza kwa maneno ya watu: "Dada, mtu akikutazama kwa upande, wewe unajisikiaje?"

"Cherehani yangu nimeielekeza ukutani," akasema. "Na picha zangu za harusi, zote nimeinama. Mume wangu mpaka leo anadhani nilikuwa naona haya."

Mama Faili hakungoja ruhusa ya mtu. Aliandika upya maswali yote kumi na manne kwa mkono wake, akawauliza wagonjwa ishirini, fundi akiwamo, na baada ya wiki mbili akawauliza tena. Majibu yakafanana kama pacha. Mtafiti alipoletewa karatasi hizo alizisoma amesimama, masikio yakimwiva, kisha akazitia mkobani. "Nitaziangalia," akasema. Asante hakuijua.

Siku ya kutangaza matokeo, maswali yaliyoangazwa ukutani yalikuwa ya Mama Faili, neno kwa neno, hadi koma zake. Mtafiti akalishukuru jopo, akamshukuru mkuu wa idara, akamshukuru na mwenye mashine ya kudurufu. Wahudumu wakageuka kumtazama Mama Faili, wakidhani atalia. Hata kuchukia hakuchukia. Mtu humchukia mwenzake wa kimo chake.

Lililompa furaha ni kwamba daktari wa taya alisoma majibu mapya ya fundi cherehani, akamwita, na matibabu yakaanza mwezi uleule.

Jumatatu mtafiti akapita dirishani, meno yote nje. "Shikamoo, mama!"

"Kadi yako?"

"Mama, si ni mimi?"

"Asiye na kadi anakaa foleni," akasema, akamwita mgonjwa aliyefuata.