Nani Alifungua Kamera ya Mjomba

Kamera ya mjomba niliifungua mimi. Nimelikana jambo hili tangu nikiwa na miaka tisa. Nimelikana nikiwa na shahada mbili ukutani, nimelikana nikiwa mama wa watu wazima, na ningelikana hadi kaburini kama binti yangu asingenishika mkono Alhamisi iliyopita pale sokoni Tukuyu na kunivuta hadi kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya vitu vya kuchezea watoto.

Mimi nilikuwa nimefuata parachichi. Binti, anayesoma sanaa na kuvaa suruali zilizochanika kwa makusudi, alikuwa amefuata kamera. Si kamera ya maana. Alitaka ile ya plastiki, ya bei ya chee, inayotumia filamu ya zamani, ambayo watoto wa Ulaya wameichoka ikaja huku ndani ya belo pamoja na midoli isiyo na vichwa. Muuzaji, mama wa makamo aliyejifunga mtandio hadi kwenye nyusi, alimtandikia tatu juu ya gunia.

"Chukua hii, mwanangu," alisema, akisukuma ya bluu. "Nzima kabisa, haina hata mkwaruzo."

Binti aliigeuza, akaichungulia, akairudisha. Ya pili nayo akairudisha. Ya tatu ilikuwa nyekundu, nyepesi kama kopo tupu, na kifuniko chake cha nyuma kilikuwa kimepinda.

"Hiyo siwezi kukuuzia," muuzaji akasema. "Mgongo haufungi sawasawa. Mwanga utaingia, picha zitaungua, halafu urudi hapa kunisema."

"Hiyo ndo yenyewe, mama! Mwanga ukiingia unaacha michirizi myekundu pembeni. Watu wanaitafuta hiyo, wewe!"

Muuzaji alinitazama kama mtu anayeuliza huyu mtoto ni mzima kweli. Nami, msomi mzima, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa bila kukaribishwa. Mwanga ukiingia! Katika nyumba yetu maneno hayo yalimletea dada yangu fimbo na jina baya la kudumu, na sasa mwanangu anayalipia akiwa anacheka.

Ngoja nikueleze.

Tulilelewa na bibi huko Kisiba, dada yangu na mimi, katika nyumba ya matofali mabichi iliyozungukwa na migomba. Kama umekulia upande wetu unaijua ile mvua isiyo na adabu, inayonyesha wiki nzima bila kupumzika, na moshi wa jikoni unaoshindwa kutoka kwa sababu ukungu umeziba mlango. Asubuhi tulimenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mchana tulikula mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Dada, aliyenizidi miaka mitatu, alichota maji na kufuta vumbi sebuleni. Mimi niliokota kuni na kulalamika.

Likizo moja mjomba, mtoto wa bibi aliyekuwa karani Mbeya, alikuja na kamera ya plastiki. Leo najua ilikuwa toi, kitu cha kuchezea watoto. Siku ile tuliipokea kama tunavyompokea askofu. Majirani walikuja wamepaka mafuta. Bibi, ambaye hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, alibembelezwa tangu asubuhi, na mwishowe akaosha miguu, akafunga kitenge kipya, akakaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mjomba alipobonyeza, bibi akasema "Ndaga," yaani asante, kisha akauliza sura yake iko wapi.

"Imo humu ndani," mjomba akajibu. "Filamu haijaisha. Nikirudi mwisho wa mwezi tutaimaliza, nikaisafishe mjini. Na asiifungue mtu! Mwanga ukiingia, wote humu mnaungua."

Akaiweka juu ya kabati, akaondoka.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nilipanda kiti, nikaivuta ile ndoano ya pembeni, nikafungua. Nilitegemea kumkuta bibi mdogo, amekaa. Nilikuta utepe wa rangi ya kahawia, hauna mtu. Nikafunga upesi, nikakimbilia kuni zangu.

Mwisho wa mwezi mjomba alikuja, akaichukua filamu kuisafisha mjini, akarudi na bahasha tupu na uso wa msiba. Filamu yote imeungua. Nani anafuta vumbi juu ya kabati? Dada. Alisema mara moja tu kwamba si yeye, kisha akanyamaza, akapigwa. Mimi nilisimama mlangoni nikila ndizi mbivu. Kamera nayo mjomba aliondoka nayo kwa hasira, na kabla mwaka haujageuka bibi alifariki. Msibani watu walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Haikuwepo, na wote walimgeukia dada.

Tangu hapo akawa "aliyemuunguza bibi." Simu za kupiga picha zilipokuja, kila Krismasi lazima mtu aseme, "Simu mpeni mwingine, huyu atateketeza ukoo mzima!" Tunacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.

Nyumba ile imeshaanguka, migomba imeng'olewa, na pale palipokuwa jikoni jirani amepanda chai. Hayo ningeyastahimili. Kinachonitisha ni kwamba uso wa bibi umeniponyoka. Nakumbuka mikono yake, nakumbuka kikohozi chake, nikifika usoni nakuta ukungu. Watoto wetu hawana hata huo ukungu.

Kwa hiyo pale juu ya ndoo, muuzaji akifunga ile kamera mbovu kwenye gazeti, nilimpigia dada. Analima viazi Isongole. Nilisikia watu wakipakia magunia nyuma yake.

"Ugonile, dada. Kamera ya mjomba niliifungua mimi," nikasalimu na kukiri kwa pumzi moja, kabla ujasiri haujakata.

Akajibu: "Najua. Nilikuwa dirishani nakuona, umepanda kile kiti kibovu."

"Ulijua? Miaka yote hii? Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja ningekuwa nimedanganya. Wewe hukuunguza kitu. Ulikuwa wa pili."

"Wa kwanza nani?"

"Bibi."

Niliinuka, ndoo ikabiringika hadi kwenye miguu ya wateja.

"Mjomba hajavuka hata mto," dada akaendelea, "bibi ameishusha, ameifungua, hakuona kitu, akasema humu ndani kuna giza. Akaipeleka nje juani, siku ile kulikuwa na jua la ajabu, akaigeuza huku na huku. Akaniambia, 'Mbona simo?' Alipojua alichofanya alinishika mikono, akaniomba nisimwambie mwanawe. Bibi mzima, ananiomba mimi! Ningesemaje? Usiku ule nilipopigwa, yeye ndiye aliyelia."

Nilisimama katikati ya soko nikiwa sijui nicheke au nipige yowe. Binti alinishika kiwiko, akiuliza kuna msiba gani. Kisha nikafanya la aibu: nikashusha pumzi. Dada aliisikia.

"Usishushe pumzi," akasema. "Filamu si yako, sawa. Lakini kunicheka kila Krismasi, ukijua hakika si mimi, hiyo ni yako. Fimbo ziliniuma siku moja."

"Nifanye nini, dada?"

"Krismasi hii utasimama mbele yao wote, utasema."

"Na ya bibi niseme?"

Nikasikia gunia likitua chini.

"Ya bibi sema, watacheka, na mwenyewe angecheka. Lakini anza na ya kwako." Akakata simu.