Kijana Niliyemrusha Kwenye Theluji

Nilimrusha mtoto wa watu kwenye theluji kwa makalio yangu mwenyewe. Na huyo mtoto ndiye niliyekuwa nimesafiri kutwa nzima kwenda kumbembeleza ajiunge na klabu yetu.

Tulieni, nisimulie taratibu.

Naitwa Ilpo. Ni skauti wa hoki ya barafuni hapa Ufini. Nakaa kwenye viwanja vya baridi, nakunywa kahawa mbaya, naangalia vijana, kisha naiambia klabu: huyu yuko tayari kwa ligi ya wakubwa, huyu bado. Sikusomea popote. Nilianza kwa kumwangalia mwanangu. Hakuwa na kipaji, nikahamia kwa watoto wa wenzangu.

Mimi si mwepesi wa kutoa hukumu, na hilo linamkera mno mkurugenzi wetu, Kai Vuorela.

"Ilpo, safari hii sitaki hadithi," aliniambia. "Niilo Turunen yuko tayari au hayuko? Lindroos ameshawasha gari. Tukimkosa huyu dogo, utakuja kuuza soseji pale mlangoni."

Pasi Lindroos ni skauti wa mahasimu wetu. Mdomo wake asali tupu. Mzazi akiongea naye kidogo tu, anaanza kumpakulia supu.

Niilo alikuwa na miaka kumi na saba, anaishi Nurmes, mji mdogo huko mashariki. Miguu yake, jamani. Anageuka kwenye barafu kama maji yanavyogeuka kwenye mfereji. Nilimtazama msimu mzima, na bado kulikuwa na jambo moja sijalijua: akibanwa kwenye kona na mwanaume mzima, anafanyaje? Wa rika lake walikuwa hawamfikii hata wambane.

Jumapili niliyofika Nurmes, mechi yao ikaahirishwa. Mtambo wa kugandisha barafu ndani ya uwanja ulikuwa umekufa. Nje baridi ya kukata masikio, ndani barafu inayeyuka. Nchi hii, acha tu.

Niilo alitukuta mlangoni, mimi na Lindroos tumetazamana kama paka wawili.

"Watu wa mtaani tunacheza höntsy sasa hivi, kwenye barafu ya shule," akasema. "Mkitaka kuniona, vaeni viatu vya barafu."

"Na mama yako?" Lindroos akauliza. "Ningependa kumsalimia."

"Ana shughuli. Mtamwona baadaye."

Höntsy ni mchezo wa kujifurahisha, hauna refa wala jezi. Kila mtu anatupa gongo lake katikati. Mmoja anapiga magoti, anafumba macho, anarusha magongo huku na kule. Upande lilikoangukia gongo lako, hiyo ndiyo timu yako. Hubishi. Nimewahi kuona mchungaji akipangwa dhidi ya askofu wake.

Aliyerusha siku ile alikuwa kipa mmoja mfupi, barakoa ya chuma usoni, skafu hadi puani. Lindroos akaangukia timu ya Niilo. Mimi nikapelekwa upande wa pili, pamoja na fundi bomba na daktari wa meno. Kipa naye akaenda golini kwa kina Niilo.

Mchezo ukaanza, nami nikapandwa na furaha ya kitoto.

"Mzee wa viatu vya makumbusho," kipa akaniambia kwa sauti ya mafua nilipopita mbele yake, "ukinifunga nakupikia uji."

"Uji wa nini?"

"Wa wagonjwa. Utauhitaji."

Fundi bomba alicheka hadi akakaa chini.

Lindroos yeye alikuwa kazini. Kila Niilo akifunga, anapiga makofi. "Mnaona? Huyo ni mtu wa ligi huyo."

Kisha kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kikaingia kona. Niilo akakifuata, mimi nikamfuata Niilo. Wallahi nilitaka kupunguza mwendo. Viatu vikakataa. Mwili ukakumbuka mambo ya ujanani: nikageuka, nikatanguliza makalio.

Ukuta wa mbao pale ulikuwa mfupi. Kijana akapaa. Akatua kwenye rundo la theluji upande wa pili, miguu juu.



Nikauona mkataba wetu ukizama naye.

"Kijana, uko mzima?"

Kichwa kikachomoza, cheupe pe. Kinacheka.

"Tena," akasema.

"Tena nini?"

"Kona. Na usinionee huruma, mzee."

Tukairudia ile kona hadi mapafu yangu yakaomba talaka. Mara nyingi nilimnyang'anya. Lakini kila mara alijifunza kitu: akashusha nyonga, akatanguliza bega. Hapo nikapata jibu langu. Halikuwa jibu alilolitaka Vuorela.

Baada ya höntsy ni sauna, chumba cha mvuke. Mle ndani hakuna cheo, wote mko uchi, na watu wetu humo ndimo husema wanachomaanisha. Kipa hakuja. Nikadhani ana haya.

Niilo akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda.

"Niambieni. Niko tayari?"

"Kabisa," Lindroos akadakia. "Msimu ujao uko na wakubwa. Neno langu hilo."

Wote wakanigeukia. Nikasubiri mvuke utulie. Nilijua nikisema ninachokiona, namkabidhi kijana kwa Lindroos.

"Bado," nikasema. "Miguu iko tayari, macho yako tayari. Lakini leo babu mwenye kitambi amekunyang'anya kisahani. Wakubwa watafanya hivyo kila siku, na hawatakuuliza kama uko mzima. Baki nyumbani msimu mmoja. Kula, nyanyua vyuma, pambana na hawa mafundi bomba. Kisha uje."

"Si vibaya," daktari wa meno akaguna. Kwa Kifini hiyo ni hotuba ndefu ya sifa.



Nje, kwenye maegesho, kipa alikuwa amekaa kwenye buti la gari akifungua madude yake. Akavua barakoa. Nywele ndefu zikamwagika, zimeganda ncha.

"Katri Turunen," akanipa mkono. "Mama yake Niilo."

Lindroos akadondosha begi.

"Lakini wewe ndiye uliyerusha magongo," nikasema.

"Nilichungulia."

"Hairuhusiwi."

"Kanishtaki." Akapenga kamasi. "Wiki nzima naambiwa mwanangu ni dhahabu. Nilitaka mtu amgonge. Wewe ulionekana mzito."

Niilo akafika, taulo shingoni. "Mama, huyu amesema bado. Yule amesema niko tayari kabisa."

"Na wewe unasemaje?"

Kijana akainama. "Bado."

Mama akanitazama. "Basi andika mkataba. Ila mwaka huu bado ni wangu."

Nikampigia Vuorela.

"Yuko tayari?"

"Hayuko."

Pumzi ndefu. "Ilpo..."

"Lakini ni wetu."

"Sijaelewa."

"Hata mimi ndiyo naanza kuelewa, bosi."

Niilo alikuja baada ya msimu huo mmoja. Katika mechi yake ya kwanza, beki mpana kama kabati alimkandamiza kwenye mbao. Tukaona migongo tu, kisha Niilo akatoka na kisahani. Nikamkumbatia mtu niliyekaa naye, simjui hata jina. Kwetu hilo halifanyiki. Naye akanikumbatia, kisha tukatazama pembeni kama hakuna kilichotokea.

Ninyi mnaolea vipaji, vya mpira, vya muziki, vya chochote: kumwambia mtoto "bado" si kumfungia mlango. Mwenye kiu ya kweli atakuuliza kilichobaki ni nini. Mwambie, kisha umsubiri.