Furushi Lisilo na Kipimo

Saa mbili asubuhi, mlango wa mbele wa duka ukiwa bado umefungwa, mwanamke aliyevaa aproni ya plastiki anawarudisha tangini samaki wawili waliokuwa wamefungwa kwenye mfuko. Bosi wake anasubiri amalize, anachukua wavu, anawatoa tena na kuwafunga upya. Mwanamke anaufungua mfuko. Bosi anaufunga.

“Shemeji, mteja hanunui maji,” bosi anasema hatimaye. “Ananunua samaki. Ukimpelekea tangi tupu atatuona matapeli.”

“Na wakimfia mara ya tatu, atatuonaje?”

Wateja humwita Mama Chumvi. Kazi yake ni kuwachagulia watu vifaa vya kufugia samaki wa maji ya chumvi nyumbani, kisha kwenda kuwafungia. Bosi ni mume wa dada yake, ndiyo maana ugomvi wao huwafuata hadi kwenye meza ya chakula. Leo Mama Chumvi amemeza hasira, ameupakia ule mfuko kwenye gari la mizigo pamoja na vifaa, ameondoka bila kuaga.

Njiani anamweleza dereva kinachomchoma. Duka linauza kitu kinachoitwa Furushi la Siku Moja: tangi dogo la kuwekwa mezani, pampu, taa ya rangi, chumvi na samaki wawili. Unalipa asubuhi, jioni unaburudika. Zamani ndani yake kulikuwa na kipimo cha chumvi, kidude cha plastiki kinachoonyesha maji yamekolea kiasi gani. Shemeji alikiondoa ili bei ishuke.

“Akaacha taa ya rangi,” anasema. “Kipimo akakitoa, taa ya disko akaiacha. Niambie kama huyo mtu ana haya.”

Mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya mafurushi mawili, na wanaofiwa na samaki hawamfuati aliyepanga bei. Wanamfuata yeye, aliyeingia kwao na ndoo.

Anayemfungia leo ni mshonaji wa nguo. Chumba chake cha mbele kimejaa cherehani na mabaki ya vitambaa. Katika cha ndani amelala mumewe, aliyepooza upande mmoja na kupoteza usemi. Mshonaji alinunua furushi ili mume apate kitu cha kutazama zaidi ya dari. Samaki wakafa. Duka likamuuzia wengine. Nao wakafa, na siku hiyo mume aligeukia ukutani akagoma kula.

“Kila nikiona maji yamepungua, nakoroga mengine ya chumvi kama nilivyoelekezwa siku ya kwanza, naongeza,” anasema mshonaji. “Sikuacha hata siku moja.”

Mama Chumvi anaweka ndoo chini. “Dada yangu, yanayokauka ni maji. Chumvi haiendi popote, inabaki humohumo. Unapoongeza mengine ya chumvi unazidi kuyakoleza. Ya kujazia ni maji yasiyo na chumvi.”

Mshonaji anajikalisha kwenye kiti cha cherehani. “Kumbe ni mimi niliyewaua.”

“Si wewe. Kipimo kingekuonyesha, na walikunyima kipimo.” Anainama kufungua maboksi, na kwa muda mrefu anafanya kazi akiwa amekunja uso, anavuta mipira ya maji kana kwamba imemkosea.

Tangi alilochagua, analolifunga mbele ya kitanda cha mgonjwa, ni kubwa mara nne ya lile la kwanza. Watu hudhani anayeanza anafaa kuanza na dogo, anasema, kumbe maji machache huharibika upesi zaidi, na ukikosea kidogo umekwisha. Hili ni la mitumba, lina mkwaruzo nyuma, kwa hiyo mshonaji ameweza kulimudu. Taa ya rangi Mama Chumvi ameikataa. Badala yake kuna pampu mbili za kuzungusha maji, kichujio, kipimajoto, mawe yenye vitundu na kile kipimo cha chumvi. Maji ameyaleta mwenyewe yakiwa yamechujwa, maana ya bomba yana dawa.

Anapomaliza, anaomba chaki ya kukatia nguo na kuchora mstari nje ya kioo.

“Yakishuka chini ya hapa, ongeza yaliyochujwa yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari. Kisha pima. Usikisie.”

Mshonaji ameuona ule mfuko. “Na hao?”

“Hao wanarudi.”

Anaeleza kwamba kwenye mawe lazima viote vijidudu vya kula uchafu wa samaki, na havioti kwa kuharakishwa. Ni mwezi na zaidi. Samaki akiwekwa leo ataogelea ndani ya sumu yake mwenyewe.

“Niwekee hata mmoja,” anasema mshonaji kwa sauti ya chini. “Nilimwahidi. Mgonjwa humwambii habari za mwezi ujao.”

Mama Chumvi anasogea hadi kando ya kitanda cha mgonjwa kumwambia mwenyewe. “Kaka, leo hakuna samaki. Tunayaandaa maji kwanza. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi.”

Mgonjwa anamwangalia, anaangalia tangi, anageukia ukutani.

Dukani, shemeji anauona mfuko kabla hajamwona aliyeubeba. Anasema kuanzia leo hakuna atakayefunga tangi tupu kwa jina la duka lake. Mama Chumvi anavua aproni na kuiweka juu ya rundo la mafurushi.

“Basi nitafunga kwa jina langu.”

“Dada yako atasemaje?”

“Muulize. Nilimpigia njiani, akasema tumemchosha wote wawili, akazima simu.”

Anapokusanya koleo na mipira yake, anamweleza shemeji mpango ambao ameuficha kwa muda. Sebuleni kwake tayari kuna tangi linalozungusha maji bila samaki, pale palipokuwa na runinga, na mumewe amekwisha kununa. Wanaotaka kuanza watakuja kukaa mbele yake, waone tangi linavyoandaliwa, kisha awachagulie vifaa kulingana na mifuko yao. Kila boksi litakuwa na kipimo. Samaki watauzwa baada ya yeye kuyapima maji nyumbani kwa mteja. Kodi ya nyumba inamtisha, hafichi. “Lakini nimechoka kubeba maiti kwenye ndoo halafu nicheke na watu.”

Simu inaita. Ni mshonaji.

Mama Chumvi anasikiliza, kisha anamwomba arudie na kuiweka simu mezani kwa sauti kubwa, mbele ya shemeji ambaye bado ameshika mfuko.

“Nasema amegeuka,” inasema sauti ya mshonaji, na nyuma yake pampu zinasikika. “Nimemuuliza kama nizime, akakataa kwa mkono. Hamna kitu mle ndani, dada. Anayaangalia maji.”

Shemeji anainamisha macho kwenye mfuko.

“Mwambie Jumamosi nakuja kupima,” anasema Mama Chumvi. Anachukua ndoo yake, na kabla ya kutoka anachomoa kipimo kimoja kwenye rafu na kukiweka juu ya furushi la kwanza.