Mbwa Aliyeogeshwa Ruharo

Sabuni ile ya kuogea ya rangi ya waridi haiingii nyumbani kwangu. Mwenye duka hapa Kakiika, pembeni ya mji wa Mbarara, ananijua, ananipa ya bluu bila kuuliza. Lakini juzi binti yangu alipewa kipande na rafiki yake, akaoga nacho, na harufu ikajaa hadi jikoni. Nikajikuta nimeshika mwiko, nimekasirika kama mtoto wa miaka tisa. Niwaambieni ukweli, hasira hiyo haijawahi kupoa. Imekaa tu.

Tulikuwa tunaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, sisi watu wa Kivu ya Kusini, Kongo, kwenye nyumba ya udongo yenye turubai kuukuu juu ya paa. Baba alikuwa na pikapu iliyochoka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Kila Jumamosi aliijaza mahindi na maharagwe ya majirani, akaenda kuyauza Mbarara, jioni akarudi na chumvi na mafuta. Na kila Jumamosi kiti cha mbele kilikuwa cha mbwa wetu, Chui. Alikaa wima, kichwa nje ya dirisha, masikio yanapepea, haangalii mtu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Angalieni bosi! Batu banatembea na miguu, mbwa anapanda gari!"

Mimi nilikimbia nyuma ya pikapu mpaka vumbi linishinde. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kukaa kwenye kile kiti pembeni ya baba. Nilimwomba nikiwa nalia, nikamwomba nikiwa nimeoga na kuvaa nguo ya kanisani. Jibu lilikuwa lilelile.

"Chui analinda muzigo. Weye utalinda nini?"

Sasa, Chui alikuwa na jambo lake. Alipotoka Mbarara alinukia. Mbwa wa Nakivale, ambako maji tunayapangia foleni na madumu, anarudi manyoya laini, ananukia waridi kama bibi harusi! Mimi nilimkumbatia nikaona ni maajabu ya mjini. Mama alimnusa mara moja, akamsukuma kwa mguu, akaendelea na kazi zake.

Baada ya hapo sikio langu la kushoto likaanza kuwa na ugonjwa. Lilikuwa limewahi kutoa usaha, kweli, lakini lilishapona. Mama akalijaza pamba, akaniambia nikiulizwa niseme linauma. Ijumaa jioni akamwambia baba mbele ya wageni, "Papa Furaha, sikio ya mutoto imeharibika. Kesho umupeleke kwa munganga, pale hospitali ya Ruharo, Mbarara." Furaha ni mimi, mtoto wa kwanza, na kwa desturi yetu baba aliitwa kwa jina langu. Mbele ya wageni angekataaje?

Ile safari, jamani. Nilikaa katikati, Chui dirishani, mkia wake unanipiga mapajani. Tulipita ng'ombe wenye pembe ndefu na mashamba ya migomba yasiyoisha. Tulipofika mji mdogo wa Kabingo, baba alisimamisha gari, akanunua ndizi moja ya kuchoma, akaigawa vipande vitatu, kimoja cha mbwa. Aliimba. Sikujua kama baba anajua kuimba. Ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote za utoto wangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulipoingia Ruharo, karibu na hospitali, gari lilipunguza mwendo kwenye kona na Chui akaruka dirishani. Baba akapiga kelele, "Chui! Chui!" Wapi! Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye geti la kijani, akalikwaruza kwa kucha. Geti likafunguka, akatoka mtoto wa kiume mdogo kuliko mimi.

"Tomi! Tomi amekuja!" Akamkumbatia mbwa wetu shingoni. Kisha akaiona pikapu, akaja mbio, akamrukia baba miguuni, akimwita baba kwa Kinyankore. "Taata!"

Nyuma yake akatokea mwanamke, beseni la maji limeshawekwa uani, mkononi kipande cha sabuni ya waridi. Akaniangalia, akamuuliza baba huyu ni nani.

Pamba ilikuwa kwenye sikio la kushoto. Baba alisimama kulia kwangu, nikasikia kila neno. "Ni mutoto wa jirani," alisema. "Sikio inamuuma, nimemuleta kwa munganga."

"Pole sana, mtoto," yule mama akasema. "Wewe kuja, kula."

Nikala matoke kwa mchuzi wa karanga, nikala yakaisha, yalikuwa matamu, na mpaka leo nachukia kwamba yalikuwa matamu. Uani mtoto alimwogesha Chui akicheka. Mimi nilijiambia labda wakimbizi wakiwa mjini hufichana hivyo, kwa usalama. Mtoto hujitafutia maelezo popote. Baadaye, hospitalini, muuguzi alichungulia sikio, akasema ni zima kabisa.

Wakati wa kurudi, baba alininunulia ndizi yangu mwenyewe. "Ile tuliona mujini tuiache mujini, sawa, mama?" Aliniita mama kwa upole. Nikaitika sawa.

Nyumbani, mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuniuliza munganga alisema nini, wala pamba haikumshughulisha. Aliuliza, "Chui alishukia fasi gani?"

Nami, mjinga wa Mungu, nikamwambia yote: geti la kijani, mtoto, beseni, jina la Tomi. Nilikuwa nimemkasirikia mbwa, si baba. Nilimshtaki mbwa kwamba ana kwao kwingine. Neno moja tu sikulitoa, lile la jirani. Mama alirusha jiwe dogo nje ya ungo, akaendelea kuchambua. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, ndipo nilipoelewa kwamba mama alinituma kama shahidi, na sikio langu ndilo lililokuwa nauli. Naye sijamsamehe sawasawa.

Jumamosi iliyofuata baba aliondoka na Chui, akarudi peke yake.

"Amepotea Kabingo. Aliruka dirisha."

"Aliruka, ao alishushwa?" mama akauliza.

Baba alienda kunawa mikono. Hawakugombana, hakuna aliyehama. Aliendelea kwenda Mbarara kila Jumamosi, na mama aliendelea kumpikia. Watu wazima wote walibaki mahali pao. Mimi nilikaa barabarani jioni nyingi nikiita Chui, na nikichoka naita Tomi, huenda amelizoea hilo zaidi.

Mwaka jana tulimzika baba kulekule Nakivale. Yule mama wa Ruharo alikuja na mwanawe, sasa mwanamume mrefu, ana paji la uso la baba. Akakaa karibu nami kwenye benchi, akaniuliza taratibu.

"Dada, Tomi aliishi mpaka lini? Taata alituambia amekuja kukaa kwenu, kwamba wewe unampenda sana. Mimi nililia, lakini nikasema ni sawa, yuko na mtu."

Nikamtazama. Miaka yote hiyo alikuwa akimwazia yule mbwa kwenye ua wetu.

"Aliishi sana," nikamjibu. "Alizeeka vizuri, akafia usingizini."

Akashukuru, akafuta macho. Uongo ulinitoka laini, haukukwama popote, kwa sauti ileile ya upole ya baba. Mtoto wa jirani asingeweza kuusema vile.