Ndala zangu zimegeuzwa zote

Nyie, leo bibi mwenye nyumba wangu kaniharibia kazi ya wiki nzima, tena kwa nia njema kabisa.

Mnajua mie naokotaga ndala mbovu, natengenezea picha za ukutani. Hii ya sasa nilishaipanga uani, hapahapa Temeke, soli zote juu. Nataka watu waone zilivyolika.

Nikatoka kufuata gundi.

Narudi, zote zimegeuzwa. Zimekaa mbili mbili, kama za wageni mlangoni. Hata zisizofanana zimetafutiwa wenzake!

“Shikamoo bibi. Nani kagusa ndala zangu?”

“Marahaba. Nimekuwekea sawa, mjukuu wangu. Kiatu hakiachwi kimeangalia mbinguni. Huogopi?”

Nikataka kumweleza kwamba ile ni sanaa. Nikachoka kabla sijafungua mdomo.

“Ahsante, bibi.”

Nikainama, nikaanza kuzipindua upya moja moja. Mgongo wote unalia. Kufika katikati, zile mbili za bluu hazipo.

Kuangalia, bibi kazivaa.

“Hizi mbona bado nzima,” akasema, huyo akaondoka.

Nyie mngemvua?

Basi picha yangu ina shimo katikati, na shimo lenyewe ndo hilo linaelekea chooni.